Kinyoya Kilikuwa Ndani

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Gunsan, jengo namba 103.

Leo nimepata ushahidi. Mke wangu, Mama Ha-rim, alinituma nitafute glovu za mpira kwenye droo ya chini, maana msimu wa kabichi umefika na anataka nimsaidie kutia chumvi vichwa arobaini vya achari ya majira ya baridi. Chini ya glovu, bahasha. Ndani ya bahasha, sidii. Juu ya sidii, mwandiko wa aliyekuwa katibu wa klabu yetu ya mpira wa vinyoya: FAINALI 2006.

Glovu nikazisahau palepale.

Miaka kumi na minane nimesema kwamba kinyoya changu kiliangukia ndani. Miaka kumi na minane Bang Chil-seong wa ghorofa ya tisa amepita chini ya ubao wa mabingwa, penye jina lake, akitabasamu. Na aliyesema "nje" siku ile, akiwa mwamuzi wa mstari wa nyuma, ni mke wangu mwenyewe. Nimekuwa nikimkumbusha kwa upole. Labda mara mbili kwa wiki.

Jumamosi ni mkutano wa mwaka. Nimempigia mwenyekiti wetu, Bi. Noh, nikamwomba tukutane sebuleni kwangu, mbele ya tivii kubwa. Akauliza kama kutakuwa na chakula. Nikamwambia kutakuwa na historia. Akasema basi atabeba chakula.

Nilimuuliza Mama Ha-rim sidii ilifikaje kwenye droo. Akasema hajui, vitu vya nyumba hii vinatembea.

Jumanne, 5 Novemba

Nimehamishia faili kwenye flashi, nikaichomeka kwenye kisanduku cha tivii, kile binti yetu Ha-rim alichomnunulia mama yake aangalie tamthilia. Kikaandika: faili hili haliwezi kuchezwa. Kompyuta yangu nayo inatoa sauti tu, picha nyeusi tii. Nilisikia viatu vikilia sakafuni na mimi nikihema. Nilihema kibingwa.

Tatizo nimeligundua haraka. Ni jina. Faili la zamani linaishia na AVI, kisanduku kinataka MP4. Nikafuta herufi hizi, nikaandika zile. Sekunde nne. Na kuna watu wanaita hii kazi.

Haliwezi kuchezwa.

Nikaandika kwa herufi kubwa. Haliwezi kuchezwa.

Mama Ha-rim akapita na beseni. "Baba Ha-rim," akasema, "nikiandika 'samaki' juu ya kabichi, itaogelea?"

Mtu mwenye wasiwasi hujificha kwenye mzaha.

Jumatano, 6 Novemba

Nimepata programu ya bure ya kugeuza video za zamani. Ilifanya kazi tangu kifungua kinywa mpaka mchana, kompyuta ikivuma kama jiko la kukaushia mwani. Nimekaa pembeni yake nikiitia moyo. Kabichi nimesema nitakuja.

Kisanduku kikakubali. Picha ikatokea! Uwanja wetu wa zamani, Bang akiwa na nywele, mimi nikiwa na kiuno. Na katikati ya kioo, kutoka ukingo hadi ukingo, neno moja kubwa jeupe: JARIBIO.

Ukitaka liondoke, ununue programu. Mimi haki sinunui. Lakini neno lenyewe limefunika wavu wote, na herufi ya mwisho imekalia mstari wa nyuma, pale pale. Nimesogeza kichwa kushoto na kulia nione nyuma yake. Nimejaribu kutazama kwa chini, nikiwa nimelala sakafuni. Mama Ha-rim akaniruka na ndoo ya pilipili bila kuuliza chochote.

Alhamisi, 7 Novemba

Programu nyingine. Hii haina maandishi. Ina vitufe thelathini, nami nimebonyeza vyote vilivyoonekana kuwa na msimamo.

Picha imetoka. Kila kitu kinachokwenda kasi kinavunjika kuwa vigae. Kinyoya kikipigwa kinageuka sakafu ya bafu. Lakini sikiliza jambo hili: sauti imetangulia picha. Mama Ha-rim anasikika akisema "nje" wakati mimi bado hata sijainua raketi.

Nikarudia mara sita. Kila mara, "nje" kwanza, pigo baadaye. Kumbe ilipangwa!

Nikamwita jikoni, nikamwonyesha. Akatazama, mikono imejaa chumvi mpaka kwenye viwiko. Kisha akaniambia nisikilize vizuri: hapo mimi pia nasikika nikipiga chafya sekunde tatu kabla sijafungua mdomo, je, na chafya niliipanga na nani?

Nimeandika hoja yake hapa kwa sababu mimi ni mtu wa haki. Sijaikubali.

Amesema kitu kingine akiwa anarudi jikoni, bila kugeuka. "Hii video iache, mume wangu. Nakuomba." Hajaniomba kitu kwa sauti ile tangu Ha-rim alipoolewa. Nimefikiri sana. Nimeona ni dalili ya hatia.

Jumamosi nitamsamehe mbele ya watu.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku ya aibu, lakini mwanamkakati hutumia hata adui. Katika jengo zima anayejua mambo haya ni mtu mmoja, aliyegeuza video zote za kwaya ya wastaafu zikacheza kwenye tivii. Bang Chil-seong.

Nilipanda ghorofa ya tisa na sidii mkononi, flashi mfukoni. Nikamwambia ni harusi ya shemeji yangu.

Akaipokea. Akasoma mwandiko uliokuwa juu yake. Bahasha nilikuwa nimeisahau nyumbani.

"Harusi," akasema.

"Ya shemeji," nikasema.

Akanikaribisha machenza. Akaeleza kwamba kisanduku hakijali jina la faili, kinajali jinsi picha na sauti zilivyofungashwa ndani yake. Ukifungua upya na kufungasha kwa njia ya kisasa, ukaacha kasi ya picha ilivyokuwa, basi. Ilichukua muda wa machenza matatu. Alinirudishia flashi mlangoni.

"Harusi nzuri," akasema. "Bwana harusi alijitahidi."

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika baada ya wageni kuondoka.

Walikuja kumi na mmoja. Bi. Noh alileta supu, Bang alileta njugu za kuchoma akakaa mbele kabisa. Nilitoa hotuba fupi. Bi. Noh alinikatiza mara mbili kusema fupi.

Nikabonyeza. Picha safi kama jana. Kumi na tisa kwa ishirini, Bang anaongoza. Mimi niko karibu na wavu, nakisukuma kinyoya juu ya kichwa chake. Kinapaa. Kinashuka. Kinaanguka ndani, vidole vitatu kabla ya mstari. Ndani kabisa.

Sebule ililipuka. Bang akasimama, akanipa mkono kwa mikono miwili, akasema: "Ndani, ndugu yangu. Tungekuwa ishirini kwa ishirini." Sikupenda hesabu hiyo lakini nilimshika mkono.

Bi. Noh akataka irudiwe polepole, afurahie. Rimoti sasa ilikuwa kwa Bang. Aliangalia upande wa mke wangu kwanza, mke wangu akainamisha kichwa. Ikarudiwa polepole.

Kinyoya kikiwa bado angani, tumbo langu linaegemea wavu. Siyo kuugusa. Kuuegemea, kama mtu anayeongea na jirani dirishani. Wavu unabonyea, halafu unarudi.

Bi. Noh akasema, "Kugusa wavu ni kosa. Pointi ya Bang."

Mama Ha-rim akajipangusa mikono kwenye aproni.

"Mimi nilikuwa mtu wa mstari, siyo wa wavu," akasema. "Mwamuzi hakuona. Ningelitaja tumbo lake mbele ya watu mia mbili, na mama yake mzazi amekaa pale? Nikasema nje."

"Na miaka yote hii ukanyamaza?" Bi. Noh akauliza.

"Alinisema mimi. Angesemwa yeye, asingeweza kustahimili."

Hakuna aliyecheka. Bang akazima tivii. Nilihisi kitu kimebana kifuani, nikanywa maji. Nadhani ni njugu.

Jumapili, 10 Novemba

Asubuhi nilitia chumvi kabichi ishirini na mbili bila kuambiwa. Mama Ha-rim alinitazama kama mgeni, kisha akanilisha jani la kwanza kwa mkono wake. Tamu sana.

Nikiwa kwenye kabichi ya ishirini na tatu nikapata wazo. Ile video ilipigwa kutoka upande mmoja tu. Kutoka upande ule, tumbo la mtu yeyote lingeonekana kugusa wavu. Na Bwana Seok wa jengo 105 amenihakikishia kwenye bafu la umma kwamba binamu yake alipiga picha kutoka upande wa pili, kwa kamera ya kanda. Binamu yuko mji wa Pohang. Kanda anayo.

Basi linaondoka kesho saa mbili asubuhi. Nimemwambia Mama Ha-rim nakwenda kumjulia hali mgonjwa.

Ameniuliza nani anaumwa. Bado sijaamua.