Tumbo Langu Halina Siasa

Anselm Limbu,
Kijiji cha Ujamaa Tujikaze,
Kupitia stesheni ya Kigwa,
Tabora.
Septemba, 1976.

Kwa Ndugu Mganga Mkuu wa hospitali iliyonipasua,

YAH: OMBI LA CHETI CHA KUTHIBITISHA KWAMBA TUMBO LANGU HALINA SIASA

Shikamoo Ndugu Mganga. Najua wewe ni mdogo kuliko kifungua mimba wangu, lakini mtu aliyekwisha kuyaona matumbo yako yote huwezi kungoja akuamkie yeye.

Kwanza nashukuru. Utumbo wangu ulipojisokota nililetwa kwenu kwenye behewa la mizigo, nikiwa nimelala juu ya magunia ya karanga, na mke wangu Veneranda alikuwa ameanza kuulizia sanda. Mkanipasua, nikapona. Mkautoa utumbo nje upande wa kushoto, pakawa na tundu, na haja kubwa sasa hupitia humo badala ya kule ilikozoea. Mkasema ni kwa muda tu, nirudi baada ya mavuno mje kunifunga. Nikarudi, nikaambiwa nyuzi hazijafika kutoka Dar es Salaam. Sina ugomvi na nyuzi. Hapa kijijini tunangoja jembe la kukokotwa na ng'ombe tangu ng'ombe wenyewe wakiwa ndama.

Ninacholalamikia ni kwamba mmeniwekea mlango bila komeo. Kule kwa zamani mtu aliweza kujibana akaheshimika. Huku hakuna wa kumwamuru. Tundu linafunguka likitaka, linanguruma likitaka, na mimi ninabaki kuomba radhi kwa jambo nililolisikia pamoja na wenzangu. Madhara yake ni haya.

1. Mkutano wa kijiji. Kijiji chetu hakijawahi kupitisha jambo ila kwa kauli moja, na tunasifika kwa hilo hadi Itetemia. Utaratibu wetu ni kwamba Mwenyekiti, Ndugu Ngollo, akimaliza kusema huuliza kama yupo anayepinga. Watu hutazama miguu yao. Yeye hukohoa, husema limepita, tunapiga makofi. Siku hiyo jambo lenyewe lilikuwa kumpongeza Mwenyekiti kwa uongozi wake. Akauliza kama yupo anayepinga, na hapo hapo, katika ukimya ule, tundu likasema. Lilisema neno refu, la kupanda na kushuka, na mwisho wake ulikuwa kama mtu anayeuliza swali. Katibu, Ndugu Lugembe, akaandika: anayepinga, mmoja.

Nilisimama nikaeleza kwamba lile lilikuwa haragwe. Ndugu Ngollo akatoa uamuzi kwamba katika ujamaa watu wote ni sawa na sauti zote ni sawa, kwa hiyo sauti yoyote itakayosikika baada ya swali lake itahesabiwa kuwa inapinga, itoke mdomoni au pengine. Uamuzi huo ulipita kwa kauli moja, maana tundu lilikuwa limekwisha kutulia.

2. Mfuko. Ninyi mlinipa mifuko miwili ya kukingia tundu mkasema niwe nayo kwa uangalifu. Ndugu Mganga, hakuna uangalifu unaoweza kuufanya mfuko wa namna ile udumu mwaka mzima. Ilipochakaa nilijisaidia kwa ile mifuko ya nailoni aliyokuwa akifungia mchele Mzee Kassamali, mwenye duka pale mjini. Mzee yule alikuwa na staha. Alinifungia mifuko mitupu ndani ya gazeti, na wala hakuniuliza nauza nini. Naibandika kwa nta ya nyuki, nafunga kwa mshipi wa tyubu ya baiskeli, kisha ngozi inayounguzwa naipaka asali. Kwa jioni moja ninatembea kama mtu. Shida ni nyuki, ambao hunisindikiza hadi kanisani.

Sasa maduka ya watu binafsi yamefungwa na mifuko inagawiwa na duka la kijiji. Niliomba nipewe minne kwa mwezi. Kamati ikauliza kwa nini Limbu apewe mifuko wakati wengine hawapewi, au ndio unyonyaji unarudi kwa mlango wa nyuma. Nikawajibu kwamba ungekuwa mlango wa nyuma tusingekuwa hapa. Ikaamuliwa kila kaya ipate mmoja. Mzee Masolwa wa nyumba ya kushoto wake anatilia ugoro. Jirani zangu wa kulia wamefunikia redio. Mimi, mwenye tundu, nina mmoja, naufua, nauanika uani, na wapita njia wananiuliza kama kuna harusi.

3. Mtani. Bila shaka wajua kwamba Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo mabegani kuelekea pwani. Mtani akikuta una kitu anakichukua, na ukikasirika wewe ndiwe mwenye makosa. Pale stesheni yuko Mgogo mmoja mpiga kengele. Aliniona nimetuna upande mmoja chini ya shati, na siku hizi sukari imeadimika. Akatangaza mbele ya abiria kwamba Mnyamwezi huyu anaficha sukari ya magendo, na kwamba yeye kama mtani anaitaifisha. Nilimwambia aache. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nilimsihi kwa jina la mama yake. Akadhani ndio utani umekolea. Akaingiza mkono.

Kengele ya treni haikupigwa siku hiyo. Mtani hajanitembelea tena, na nimepata habari kwamba kwao Dodoma wanasema sisi tumevunja utani kwa kutumia silaha.

4. Mkwe. Mama mkwe wangu, Mama Bernadeta, alikuja kunipa pole. Sisi mbele ya mkwe hata kutafuna ni kwa adabu, na mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa ukuta kama inavyotakiwa. Akauliza kwa heshima kama mgonjwa anaendeleaje. Tundu likamjibu kabla yangu, tena kwa kirefu. Nilitozwa mbuzi. Nilipouliza kwa nini nilipe mimi wakati hata Katibu ameliandika tundu kuwa ni mtu wa peke yake, wazee wakasema basi mbuzi wawili, mmoja wako na mmoja wa mwenzako.

5. Hili sasa ndilo linaloninyima usingizi. Jumamosi hii Mwenyekiti anapeleka mkutanoni azimio la kukata msitu wetu wa mizinga ili kupanua shamba la tumbaku. Msitu huo ndio asali yetu sote. Kwangu ndio nta ya kubandikia na dawa ya ngozi. Ukikatwa, mimi nitakaa ndani kama kuku anayeatamia hadi nyuzi zenu zifike. Hakuna mtu hata mmoja kijijini anayetaka ukatwe. Na hakuna mtu hata mmoja atakayefungua mdomo.

Badala yake wanakuja kwangu. Tangu Jumatatu nyumba yangu haikauki wageni. Kila mmoja anasema amekuja kumjulia hali mgonjwa, na kila mmoja ameficha chungu ndani ya khanga. Wameleta maharage. Wameleta michembe, yale makopa ya viazi vitamu ambayo hata mwenye tumbo zima akiyala analala peke yake. Mzee Masolwa, ambaye hajawahi kunipa hata ugoro wa kunusa, ameleta kunde na akakaa kuhakikisha nimezila. Aliliinamia tumbo langu akalisalimia Kinyamwezi, mwangaluka, kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata kwake. Akaliambia tunakutegemea.

Ndugu Mganga, ninaogopa, na sioni haya kusema. Mwenyekiti amenionya kwamba tumbo likipinga mara ya pili nitahamishiwa kijiji kipya kule porini mbele ya Sikonge, ambako hakuna zahanati wala barabara, na baiskeli yenyewe inabebwa begani. Mimi na tundu langu tutaozea huko. Msitu ninautaka, lakini kwa nini watu wazima wenye midomo wautume utumbo wa mgonjwa?

Kwa hiyo naomba, kwa haraka, cheti chenye muhuri kinachosema: kwanza, kwamba tumbo la Anselm Limbu halina siasa, halina kadi, na halijui kinachoendelea, pili, kwamba mlio wa tumbo lolote katika Jamhuri hii si kura, tatu, kwamba aliyetoboa ni wewe, ili kama kuna wa kuhamishwa tuhamishwe wote wawili. Kama cheti ni kigumu, nitumieni komeo. Wakati nangoja nimeamua kufunga kula tangu Ijumaa asubuhi, nisimpe adui chakula.

Wasalimieni wauguzi wote, hasa yule mnene aliyenifundisha kuosha bila kulia. Msalimieni mpishi wa uji. Msalimieni yule mzee wa kitanda cha dirishani, kama yupo, na kama hayupo, wasalimieni jamaa zake. Veneranda anawasalimu, anauliza kama mnaweza pia kunipunguzia maneno.

Ni mimi mgonjwa wenu mtiifu, isipokuwa upande wa kushoto,

Anselm Limbu

Nyongeza: Treni ya Ijumaa haikupita, kwa hiyo barua hii imengoja, na mkutano umekwisha kufanyika. Naomba cheti msikilete. Kama kimekwisha kuandikwa, kichaneni.

Mwenyekiti alisema kwa saa nzima, kisha akauliza kama yupo anayepinga. Kijiji kizima kilinigeukia mimi. Nikageukia tumbo langu. Halikuwa na kitu tangu jana yake, likanyamaza kama mtoto wa shule ya masista. Tukangoja. Ndugu Ngollo alipoanza kukohoa, ukasikika mngurumo upande wa kina mama. Kisha mwingine nyuma yangu, mnene, wa mtu aliyejaza hewa mashavuni. Kisha Mzee Masolwa. Kisha kila mahali, vijana, wazee, mwalimu wa watu wazima, wote wameshika matumbo, wote wanaomba radhi kwamba ni michembe. Ndugu Lugembe alihesabu kwa kufuata uamuzi wa Mwenyekiti mwenyewe, sauti zote ni sawa, na azimio likaanguka. Msitu umebaki.

Anayeunga mkono, Katibu ameandika, ni mmoja: Anselm Limbu. Mwenyekiti amenitumia jogoo wa shukrani, na Veneranda amekataa kumpika.