Meza ya Vitamu kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Novemba 1937

Barua ya mama mkwe imefika. Anakuja kwa meli ya Jumamosi kutoka Bukoba, kumwona mjukuu wake akibatizwa Jumapili. Nimeisoma mara tatu. Hajakanyaga kwangu tangu harusi yetu, miaka sita sasa. Siku ile niliwapakia wageni kumi na wanne katika mtumbwi wa watu wanane ili tuwahi misa. Tuliwahi. Mama mkwe alisikiliza misa nzima akiwa amelowa hadi kilemba.

Barua inasema atakaa miezi mitatu amtunze mke wangu Immaculata, maana uzazi umemchosha sana. Haisemi atakaa nyumba ipi. Hapo ndipo penye shida. Dada yake Immaculata naye yuko hapa Mwanza, ameolewa na Longino, mwalimu, mtu wa viatu vinavyong'aa hata wakati wa masika. Mama akichagua kwa Longino, mke wangu na mtoto watamfuata huko. Nitabaki na jiko nisilojua kuliwasha.

Immaculata anasema tupike ndizi na samaki, tufagie uwanja, basi. Kichwani nina meza.

Jumanne, 2 Novemba

Niieleze meza. Wiki iliyopita nilipeleka karatasi nyumbani kwa bwana mkubwa wetu wa bohari ya pamba. Dirishani nikaona meza ya vitamu vitupu. Hakuna ugali, hakuna mchuzi. Keki, biskuti, matunda yamekatwa kama maua, na katikati kitu chekundu kinachotetemeka bila kuguswa. Wageni walikuwa wakikizunguka kwa heshima, kama watu walio mbele ya altare.

Mama mkwe akiiona meza kama ile uwanjani kwangu, habari ya mtumbwi itakwisha.

Longino alipita jioni. Amesikia kuna sherehe. Akasema, kwa sauti ya upole ninayoichukia, kwamba ameagiza keki kutoka Kisumu, nisijisumbue.

Sasa nitajisumbua.

Jumatano, 3 Novemba

Siku ya mafanikio. Nimezungumza na Masalu, mpishi wa bwana mkubwa. Kile chekundu kinaitwa jeli. Ni unga, unakorogwa kwa maji ya moto, kisha unataka baridi. Amenipa pakiti moja. Mimi nimempa kofia yangu ya Jumapili. Aliivaa palepale akaenda kuchambua mchele.

Halafu kwa Bi Sherbanu, mke wa Amirali mwenye duka la pembeni. Atanitengenezea jalebi na haluwa, nami nitamwandikia mumewe barua zake za Kiingereza hadi Pasaka. Akaniuliza meza itakaa wapi. Nikasema uwanjani, kuelekea ziwa, saa kumi. Akatikisa kichwa. Akasema mwezi umefichama, wiki hii wadudu wa ziwani watatoka, vitamu viwekwe ndani na mlango ufungwe. Yeye amezaliwa hapa, anawajua.

Nikamshukuru sana. Lakini meza ikiwekwa ndani, wapita njia wataionaje?

Ijumaa, 5 Novemba

Jeli ya majaribio. Nilikoroga nusu pakiti, nikaizamisha sufuria kati ya mawe ziwani ili ipate baridi. Nilikaa juu ya jiwe nikiilinda. Fisi maji akaja kwa chini. Sikumwona hadi sufuria ilipoanza kuondoka. Nikaingia na suruali ya kazini. Niliiokoa sufuria. Jeli alikwenda nayo yeye, na alionekana mwenye furaha.

Immaculata aliuliza kwa nini nimelowa. Nikasema mambo ya bohari. Akamhamishia mtoto bega jingine, akanitupia kanga kavu.

Imebaki nusu pakiti. Masalu anashauri niifunike kwa gunia lililolowa, penye upepo.

Jumamosi, 6 Novemba

Tatizo jipya asubuhi. Meza yetu inatosha mabakuli mawili na kiwiko kimoja. Nikazunguka nyumba nikitafuta ubao mpana. Ubao mpana tulio nao ni mmoja tu, nao ni mlango wa mbele.

Niling'oa bawaba kwa kisu. Nikauweka mlango juu ya mapipa mawili, nikatandika shuka jeupe. Meza ya kifahari! Immaculata alitoka jikoni akasimama pale mlango ulipokuwa. Akasema mama yake anafika baada ya muda wa saa mbili na nyumba iko wazi kama banda la mbuzi. Nikamwambia ni kwa siku moja. Akarudi jikoni, akaanza kuosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Napenda zaidi anaposema.

Meli ilifika kwa wakati. Nilimpokea mama mkwe gatini, nikainama, shikamoo mama. Marahaba, akasema, akageuka kuangalia kama tunakwenda kwa miguu au kwa chombo. Nilipomhakikishia ni kwa miguu, akanipa mzigo wake nibebe. Longino alikuwepo na mwavuli.

Nyumbani alisimama kizingitini. Akauliza kama tumeibiwa. Nikajibu kuwa mlango uko kwenye matayarisho. Alilala sebuleni akiwa ameegemeza kabati kwenye uwazi. Kuhusu miezi mitatu alisema atatoa uamuzi baada ya ubatizo. Longino akasema, bila kuulizwa, kwamba kwake kuna milango mitano.

Jumapili, 7 Novemba

Niandike kama yalivyotokea.

Kanisani salama. Mtoto hakulia. Saa kumi meza ilikuwa tayari, na lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Jalebi zimepangwa mviringo. Haluwa, kashata za karanga, mapapai yamekatwa kama maua, au karibu hivyo. Keki ya Longino niliiweka nyuma ya mkungu wa ndizi. Katikati jeli. Ilitetemeka! Wapita njia wawili walisimama.

Mama mkwe aliizunguka mara moja. Akauliza kile chekundu ni kigonjwa au ni kizima. Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu, Longino akaonyesha ziwani, akasema kuna watu wanachoma mashamba Ukerewe.

Haukuwa moshi. Moshi haupindi kona. Ule ulipinda, ukaja kwetu.

Wadudu waliingia masikioni, puani, ndani ya kola. Jeli ikawa nyeusi ghafla. Wageni wakakimbilia ndani, na wadudu nao wakaingia, kwa sababu mlango ulikuwa umebeba jalebi. Mtoto akaanza kukohoa. Hapo niliogopa kweli.

Immaculata akapaza sauti niondoe vyakula, nilete mlango. Nikaona tukiondoa kimoja kimoja tutachelewa. Nikamwita Longino na wanaume wawili, tukauinua vilevile, na kila kitu juu yake. Tulikwenda vizuri hadi kizingitini. Huko nikagundua jambo ambalo fundi yeyote angeniambia: mlango ukiwa umelala haupiti mlangoni. Tukauinamisha. Vyote vikashuka upande wa Longino. Haluwa ilipita. Keki yake ya Kisumu ilimpita. Jeli ilimfika kifuani, ikakaa, ikatetemeka.

Tuliusimamisha mlango mahali pake, mimi na Longino tukiushikilia kwa migongo. Ndani giza. Immaculata alimfunika mtoto kwa kanga, kikohozi kikatulia. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, ameinama, mabega yakimtikisika. Nikajua analia. Nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi.

Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akajifuta macho. Kisha akafungua mzigo wake, akatoa senene, wale panzi wa kwao Bukoba, wa kukaanga, waliofungwa kwenye majani ya mgomba, akagawa kwa kila mtu kiganja. Hata Longino alikula, kwa mkono mmoja, wa pili ukiushikilia mlango.

"Mama, utakaa wapi?" Immaculata akamwuliza polepole.

"Hapa. Kwa Longino kila kitu kiko mahali pake. Hapa una watoto wawili wa kulea, na mmoja ana masharubu."

Watu walicheka sana. Immaculata aliniangalia, naye akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nusura niuachie mlango.

Alhamisi, 11 Novemba

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Meza ilifaulu. Mama mkwe amebaki, mke na mtoto wamebaki, na Longino hajaonekana tangu Jumapili. Mama mkwe hata aliyataja masharubu yangu mbele za watu.

Kosa lilikuwa moja tu: vitamu vilikuwa vimekufa. Jeli, keki, jalebi, vyote vinakaa tu vikisubiri balaa. Kwa Krismasi ninataka kitamu chenye uwezo wa kujilinda. Leo nimeonana na Ngosha, mtu wa Magu anayefuga nyuki. Atanikopesha mzinga mzima, na wenyewe ndani. Wageni watajichotea asali. Anasema nyuki wake ni wapole, ila tusiwatikise.

Immaculata sijamwambia bado. Nimepima madirisha yote, nione mzinga ukae kwenye lipi. La chumba tulichompa mama mkwe ndilo linaloutosha mzinga barabara.