Mtu Wetu wa Ndani

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa stesheni Jumatatu asubuhi, na kabla gundi haijakauka Kinanda alikuwa ameshalisoma mara mbili. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na watu wa mjini, kwa kuwa mdomo wake ulipiga wimbo wowote uliotaka kuusikia, mradi uwe umetanguliza kitu mezani.

Shirika la treni lilikuwa linatafuta askari wa usalama: watu wa kusimama milangoni, kutembea kwenye mabehewa, kutuliza ugomvi na kuwanasa vibaka. Mwombaji angejaza fomu, afanye mtihani wa kuandika, akimbie mbele ya daktari, apimwe kwa vitendo stesheni, ahojiwe, kisha mwenendo wake uchunguzwe mpaka kwa majirani. Chini kabisa, kwa herufi nono, waliandika: HAKUNA MALIPO YOYOTE YA KUOMBA KAZI.

Kinanda alipofika hapo alitabasamu. Wakubwa wa shirika walidhani wamemfungia mlango, kumbe wamemfungulia. Nani mjini anaamini cha bure?

Kufikia Jumatano alikuwa na chumba juu ya saluni, meza, ubao, muhuri aliochongesha sokoni na koti la kuazima, na ameeneza habari kwamba ana mafunzo ya wiki tatu kwa waombaji, na mtu wake ndani ya shirika. Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Baunsa, mlinzi wa ukumbi wa muziki, mwenye kifua kama kabati na moyo kama wa kifaranga. Nyuma yake akaja fundi cherehani, mama wa watoto watatu, bado ana sindano mbili kwenye ukosi wa gauni.

"Tumesikia una mtu ndani," Baunsa alinong'ona.

"Mtu?" Kinanda alicheka kwa huruma. "Ndugu yangu, wengine wana mtu ndani. Mimi nina ukoo."

Fundi cherehani hakucheka. "Sasa kama una ukoo, mafunzo ya nini?"

Swali hilo lilimkaa Kinanda kooni kama mwiba wa samaki, lakini kinanda hakikosi sauti. "Mama, mgeni hata akialikwa, huoga kwanza. Nitakufikisha mlangoni, lakini usije ukaniaibisha sebuleni."

Wakalipa. Fundi cherehani alikuwa ameuza cherehani yake ya pili, akalisema hilo wazi huku akikabidhi bahasha yenye jina lake. Kinanda alihisi kitu kikimchoma kidogo kifuani. Akanywa chai, kikapoa.

Shida ilikuja darasani. Ulinzi hakuujua hata kidogo. Maisha yake yote alikuwa upande wa pili wa mlinzi. Basi akafundisha alichokijua.

"Msafiri hutazama saa," alisema akipita mbele ya ubao kama jaji. "Anayekimbia hutazama mlango. Mtu mwenye mzigo wa halali huuweka chini akichoka; mwizi haachi mkoba hata akiwashwa pua. Na ukimsimamisha, kwanza atakuita mwanangu. Ukikaza, ataleta habari za mama mgonjwa. Ukikaza zaidi, atakuuliza kama unajua yeye ni nani."

"Na tufanyeje?" aliuliza fundi cherehani, akiandika kila neno.

"Heshima, mama. Sauti ya chini. Usimguse ovyo, ila usimwachie njia. Mwizi akipigiwa kelele hupata nguvu. Akiheshimiwa huchanganyikiwa."

Tusimsingizie: wiki zile tatu alifundisha vizuri kuliko walimu wengi wenye vyeti. Mara nyingine alisahau kabisa kwamba anaiba. Wanafunzi wake wakafaulu mtihani wa kuandika, wakafaulu mbio, na Baunsa akamletea kuku mzima wa shukrani kwa ajili ya ule ukoo.

Lakini mjanja hujua lini karamu inaisha. Ilikuwa imebaki hatua ya vitendo na mahojiano, na mbele ya jopo hakuna shangazi wa kubuni anayeweza kumbeba mtu. Asubuhi moja, bila kumuaga hata msusi wa chini, Kinanda alifungasha bahasha, fomu na muhuri kwenye mkoba, akaenda kupanda treni ya saa nne.

Asichokijua ni kwamba shirika liliwaita waombaji kwa simu asubuhi ileile. Stesheni ilikuwa na watu wenye vizibao vya njano vyenye namba, na mahali fulani katika umati kulikuwa na mwigizaji aliyelipwa ajifanye mwizi.

Kinanda aliviona vizibao, akatazama mlango. Akakumbatia mkoba.

"Habari za asubuhi, baba," ilisema sauti ya chini. "Samahani kwa usumbufu. Naomba tuzungumze pembeni."

Alikuwa fundi cherehani, namba kumi na saba. Nyuma yake Baunsa aliziba njia, uso umejaa furaha.

"Ni mwalimu!" Baunsa alimnong'oneza mwenzake. "Kumbe kweli ana watu! Wamempa yeye acheze mwizi. Tumkamate vizuri, tusimwaibishe."

Kinanda akamkonyeza. Baunsa naye akamkonyeza.

"Mwanangu, niache, treni inaondoka."

"Mwanangu," alirudia fundi cherehani akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Endelea, baba."

"Mama yangu anaumwa!"

"Pole sana. Naomba mkoba."

"Nyie! Mnajua mimi ni nani?"

"Yote matatu, kwa mpangilio!" Baunsa alishindwa kujizuia, akapiga makofi.

Mwenyekiti wa jopo, mama mfupi mwenye miwani, alifika akihema. "Mmemkamata nani? Mwigizaji wetu yule pale, amesimama na pochi ya watu nusu saa hajaulizwa hata jina!"

Makofi ya Baunsa yakakatika. Fundi cherehani aliufungua mkoba taratibu. Muhuri. Fomu. Bahasha, na juu ya mojawapo mwandiko wake mwenyewe. Kinanda alitazama viatu vyake. Uso wa fundi cherehani hakuweza kuutazama.

"Mnamfahamu huyu?" mwenyekiti aliuliza.

"Jirani tu," Baunsa alijibu haraka. "Tunapishana."

Kinanda akapata matumaini. Alijua hesabu ya mambo haya: mwombaji akikiri kwamba alihonga apate kazi, kazi imekwenda. Wangenyamaza. Kila mtu hunyamaza.

"Namfahamu," alisema fundi cherehani. "Nilimlipa anipitishe mlango wa nyuma. Bahasha hii ni yangu."

"Unajua umesema nini?" mwenyekiti aliuliza. "Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza. Halafu kila siku nisimame hapa niwaulize watu tiketi, kwa uso upi?"

Mwenyekiti aliandika kitu karibu na namba kumi na saba, mstari mmoja. Namba ya Baunsa aliikata, maana bahasha yenye jina lake nayo ilikuwa mle mkobani. "Wewe utajaribu mwakani, ukishamjua vizuri jirani yako." Akamgeukia tena fundi cherehani. "Mpeleke mtu wako kituo cha polisi, halafu urudi. Mahojiano yako ni saa saba."

Wakatembea wawili peke yao. Karibu na ngazi Kinanda alijaribu wimbo wake wa mwisho. "Lakini nimekufundisha vizuri, au sivyo? Kubali hilo tu."

"Umenifundisha vizuri sana, baba," alisema fundi cherehani, asimwachie njia. "Pita upande wa ukuta. Abiria wanashuka."