Kifaru cha Babu Hashir

Ijumaa, 7 Machi 2014
Mwezi wa pili sasa mke wangu, Mwanatumu, yuko kwa kaka yake, Ikhlas, mtaa wa Al Warqa hapa Dubai. Anasema harudi mpaka niache mipango yangu. Basi nimepata mpango! Babu yao, Mzee Hashir, ameletwa kutoka Mombasa kutibiwa kifua. Mwanatumu hamkatalii neno. Nikimpata babu, nimempata mke. Ujanani babu alipigana vita vya Burma, upande wa Waingereza, na aliwahi kunitajia vifaru vyepesi walivyokuwa navyo msituni. Leo nimeona mfano wake dukani: Stuart, kifaru kidogo cha Kimarekani, vipande tupu ndani ya boksi, unakiunda mwenyewe. Mikono ninayo. Yalla, tuanze!

Jumamosi, 8 Machi
Mnyororo wa kifaru umegandia kidole gumba. Gundi kali! Mubarak, Mganda tunayekaa chumba kimoja, amenibandua kwa maji ya moto, huku akicheka. Kisha akanisomea maelezo ya boksi: chuma chake chembamba, kinga yake ni mbio. Nikasema basi tumefanana. Akasema mimi hata mbio sina.

Jumatatu, 10 Machi
Ikhlas kamnunulia babu kiti cha magurudumu, cha umeme! Mimi nina kifaru ambacho mzinga wake unatazama chini kama aliyefumaniwa. Nimekipaka machicha ya kahawa kutoka mgahawani ninakofanya kazi, kionekane kimetoka kwenye tope. Kinanukia vizuri, angalau.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekwenda Al Warqa baada ya sala. Mwanatumu hakutabasamu, ila hakunifungia mlango. Nikamwekea babu kifaru mapajani. Akakigeuza, akatazama upande wa nyuma. Akakibana kwa mikono yote miwili. Nikajua ni furaha! Nikamkonyeza Ikhlas.
Babu akauliza, "Nuwa yuko wapi?"
Hatukumjua Nuwa. Akatueleza kidogo kidogo. Alikuwa rafiki yake, kijana wa Uganda. Walitembea nyuma ya kifaru kujikinga na risasi. Mvua inanyesha. Kifaru kikakwama, dereva akarudi nyuma ghafla. Babu aliruka. Nuwa hakuwahi.
"Nilimwita," babu akasema. "Injini ilikuwa na kelele. Nilimwita, wanangu."
Hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu bibi. Akalia kwa sauti. Ikhlas akatoka nje. Mwanatumu akamkumbatia babu, akaniambia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Nenda, Nassor."
Nilitaka kuondoka na kifaru. Babu hakukiachia.

Jumanne, 18 Machi
Babu amefariki alfajiri. Inna lillahi. Daktari anasema mapafu yalikwisha zamani. Tumemzika baada ya adhuhuri. Mimi na Ikhlas tulishika jeneza upande mmoja, na kwa mara ya kwanza hatukushindana. Mwanatumu amenieleza kwamba siku za mwisho babu alilala na kifaru kifuani, akizungumza na Nuwa. Jana alicheka naye. Nimelia ndani ya basi mpaka abiria wakanipisha kiti.

Alhamisi, 20 Machi
Mwanatumu amepiga simu. Niende kesho kwenye hitma, mikono mitupu, nisibuni lolote, nikae tu na watu. Sauti yake ilikuwa laini. Nimemwapia.
Amesema pia shangazi yao, Bi Swafiya, anatua usiku huu kutoka Mombasa. Mama mkali, neno lake ndilo la mwisho katika ukoo. Nimewaza sana. Mtu mzima, miguu inamuuma, na bado kapanda ndege.
Maana yake anapenda ndege.
Nimenunua ya kuunda, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Mubarak ameficha gundi.