Thelathini na Nane ya Ndanu

Jumatatu, 3 Machi
Kavindu wa ofisi ya maji amegawa chupa mbili za maji ya mto Chania. Moja kwangu hapa Thika, nyingine kwa Kinuthia wa Ruiru, fundi redio anayejiita mwanakemia. Ndani ametia kemikali ya kulainisha plastiki, kiasi anachokijua yeye tu. Atakayekikaribia zaidi atapewa kazi ya kupima mto mwaka mzima. Nikishindwa, nafunga maabara. Nina wateja wawili, na mmoja ni shemeji.

Jumanne, 4 Machi
Ndanu, mpimaji wangu pekee, amepiga marufuku plastiki. Anasema hutoa kemikali ile ile na kuharibu kipimo. Ametoa nje thamosi yangu, koti la mvua, hata ndala. Vyombo vya kioo amevichoma kwenye oveni saa nne nzima, kisha akavifunika kwa foili kama anaoka tilapia. Nimeshinda miguu mitupu katika maabara yangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Ndanu amepata mikrogramu thelathini na nane kwa lita. Amepima mara tatu. Simwamini. Mashine yetu ni kuukuu, ya Kinuthia ni mpya, na mashine mpya haihitaji mwenye akili. Nikapiga simu Ruiru, nikajitambulisha kama karani wa Kavindu anayehakiki namba. Muoki, msaidizi wa Kinuthia, akajibu kwa adabu: sita. Watu wa Ruiru hawawezi kutunza siri hata ya mchuzi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefuta thelathini na nane, nimeandika sita nukta mbili. Nukta mbili ni ya usomi. Ndanu amekataa kutia sahihi.
"Mzee Wainaina, hiyo si namba yetu."
Nikamwambia sayansi ni makubaliano. Akauliza tumekubaliana na nani. Ukaidi mtupu. Nimetia sahihi mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Matokeo yamesomwa Ruiru, katika ukumbi wa kanisa. Kavindu alikuwa ametia arobaini. Kinuthia alileta arobaini na nne. Mimi sita nukta mbili. Kavindu akaniuliza mbele ya watu wote kama nilipima mto au maji ya mvua.
Wakati wa chai Muoki akanisogelea na mandazi mkononi.
"Pole, mzee. Siku ile ulipopiga simu, nilisikia mtu nyuma yako akiita, Mzee Wainaina, chai iko tayari."
Nikamuuliza, sasa ile sita?
"Ni namba ya mlango wetu."
Akacheka na mandazi mdomoni. Hawa ndio wanaokabidhiwa mito ya nchi.

Jumamosi, 8 Machi
Kavindu ameona daftari la Ndanu na thelathini na nane yake. Amesema maabara yangu ilistahili kushinda, kwa hiyo tutarudia. Chupa mpya zinakuja Jumatatu. Saa tatu Ndanu akaniaga kwa heshima. Kinuthia amemwajiri. Sikumzuia. Ruiru sasa watakuwa na namba sahihi, na namba sahihi ndiyo ninayoihitaji.
Kosa langu lilikuwa moja tu: nilipiga simu nikiwa ofisini. Nimenunua laini mpya. Jumatano nitasimama karibu kabisa na maporomoko ya Chania, kelele za maji zifunike sauti yangu. Nitajiita Absalom.