Mpiga Pasi Si Mfanyakazi Wangu

Ndugu Afisa Kazi,

Kwa heshima zote, na kwa kinyongo kidogo, najibu barua yako inayonitaka nigharamie matibabu ya mpiga pasi aliyeungua mkono wa kulia kwenye mashine ya mvuke dukani kwangu. Mimi ni dobi, na sina mfanyakazi hata mmoja. Nina familia ya watu kumi na wanne, basi.

1. Mama huyu, tunayemwita Bi Mvuke, anadai nimemwajiri. Uongo mtupu. Yuko kwenye majaribio, huu mwaka wa tisa. Mimi si mtu wa pupa.

2. Anasema aliomba glavu. Kweli aliomba, mara sita, tena kwa adabu. Nilimweleza kwamba mkono uliovaa glavu hausikii joto, sasa mtu atajuaje kama anaungua? Ameungua, na amejua papo hapo. Shukrani sijaiona.

3. Hili ndilo limeniuma zaidi. Ulipokuja kukagua, tulifuata utaratibu wetu wa siku zote: mlinzi anapiga mluzi, kila mtu anachukua shati moja na kukaa kwenye benchi la wateja. Bi Mvuke naye alikaa, bendeji mkononi. Ukamuuliza amesubiri huduma kwa muda gani. Akakujibu miaka tisa! Mteja gani huyo? Wenzake wakaangua kicheko mbele yako.

4. Sasa wamepata kichwa. Juzi mfua mashuka kauliza kwa nini mlango wa nyuma unafungwa kwa kufuli. Kesho watataka dirisha, keshokutwa watataka kukaa. Hapo nani atabaki na moyo wa kuwekeza?

Kwa hiyo naomba ufute faili lake. Mtu nisiyemwajiri hawezi kuumia kazini kwangu. Aliumia akiwa matembezini, kama kawaida yake, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni.

Nisalimie wote ofisini, yule karani mpole, na watoto nyumbani.

Ni mimi mpenda haki,
Mwenye Duka la Dobi

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, nimeambiwa Bi Mvuke kahamia kwa dobi wa ng'ambo ya barabara, aliyempa mkataba na kumpeleka hospitali. Mashuka ya hoteli yamejaa hadi mlangoni, na hakuna mwingine anayeiweza mashine ile. Sheria iko wazi: mfanyakazi haachi kazi bila notisi. Naambatanisha daftari la mahudhurio lenye sahihi yake ya kila asubuhi, miaka yote tisa. Tafadhali mwamuru arudi Jumatatu. Mkono wa kushoto si ungali mzima?