Shingo ya Kujaribia Mikufu

Kwa Wifi Mkubwa,
Msemaji wa mwisho katika ukoo wa mume wangu.

KUH: OMBI LA KUMWITA MDOGO WAKO KIKAONI, YEYE NA SHANGA ZAKE

Wifi mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema na hasira kidogo, maana zote mbili nitazihitaji. Sisi kwa miili hatujambo. Nakuandikia wewe kwa sababu dunia nzima mdogo wako anamwogopa mtu mmoja tu, na mtu huyo si mimi.

Unakumbuka alivyoacha ufundi wa malori kwa sababu ya mgongo. Mwanzoni alishinda kwenye kiti cha dirishani, akisikiliza magari yanayopita na kuzisikitikia injini zao. Nikamwombea dua apate la kufanya. Basi mkufu wa binti yetu ukakatika, lulu zikatawanyika chini ya makabati, mzee akaziokota moja moja na kuzitunga upya. Tangu hapo hii si nyumba tena, ni karakana. Dua ilijibiwa, Wifi, ila ilizidishwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Meza ya chakula imetandikwa taulo ili shanga zisibingirike, nasi tunakula tumepakata sahani kama wasafiri. Sinia langu la kuchagulia mchele limejaa vito: akiki, feruzi, zumaridi, na vingine ambavyo hata yeye anaviita "vile vya bluu". Nikitaka kuchagua mchele, naambiwa nisubiri kwanza achague yeye.

2. Amejifunza kwamba lulu ya kweli ukiisugua kwenye meno inakwaruza kama ina mchanga, na ya bandia inateleza. Alipokuwa anasugua za kwake nilimwachia. Lakini juzi jirani yetu mshona nguo alikuja kutusalimia amevaa lulu zake za urithi, na mdogo wako, kwa nia njema kabisa, akaomba ruhusa, akainama shingoni kwa mke wa mtu na kuzisugua humo humo. Mume wa mshona nguo alikuwa mlangoni. Nilipoteza mchana mzima kumweleza utaalamu wa lulu mtu asiyetaka utaalamu. Na kibaya zaidi, lulu zilikuwa za plastiki, na mdogo wako akalisema hilo.

3. Akiki nyekundu na maharage ni mapacha. Nilizipika. Mgeni wetu, mwalimu mkuu mstaafu, aliuma moja hadi sote tukasikia. Badala ya kumpa pole ya jino, mdogo wako aliipokea ile akiki kwa kijiko, akaiangalia kwenye mwanga, akaisifu kwamba haikupata hata ufa.

4. Kati ya lulu na lulu hufungwa fundo dogo la hariri, ili uzi ukikatika idondoke moja tu. Akianza kufunga mafundo hayo, ni marufuku kupiga chafya. Simu ikilia, kosa langu. Mlango ukigongwa, kosa langu. Mikono iliyokuwa ikilegeza nati za magurudumu sasa inashika sindano kama inalisha kifaranga. Kusema kweli inapendeza kutazama, lakini kikao kisizingatie hilo.

5. Hili ndilo lenyewe, hayo mengine yalikuwa ya kusafisha koo. Mkufu wowote ukikamilika, naitwa. Natoka jikoni na mikono ya unga, nakaa dirishani, ananivika, anarudi nyuma, anakaza jicho, ananigeuza huku na huku kama gari lililotoka kupakwa rangi. Kisha anauvua, nao unakwenda kwa mwenyewe. Mkwe wetu amepata. Muuza maziwa amepata. Nesi aliyemkanda mgongo amepata, tena wa safu mbili. Hata wako wa feruzi, ule ambao ulipiga simu kuusifu, niliuvaa kabla yako, muda wa chai kuchemka. Mimi sina hata mmoja. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini mimi si kinyozi, ni mke wa kinyozi. Naumia, Wifi. Naona haya kuumizwa na shanga katika umri huu, wajukuu wananitazama, lakini naumia. Na kuomba sitaomba, maana zawadi ukiiomba inageuka posho.

Kwa hiyo naomba uje Jumamosi pamoja na wakubwa wa ukoo, mumwamuru afunge karakana. Akikataa, mrudi naye kwenu pamoja na koleo lake, taulo lake na taa yake. Shingo inabaki hapa. Akiihitaji, aiombe kwa maandishi.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto na wajukuu, na yule jirani yako anayesikiliza kupitia ukutani msalimie pia, asije akasema tumemtenga.

Mtiifu wako hadi Jumamosi,
Mke wa mdogo wako.

Baada ya kutia sahihi:

Wifi, usije. Yaani njoo, lakini kama mgeni, na hao wakubwa waache wapumzike. Nilikuwa natafuta bahasha, akaniita dirishani. Nikaenda nimenuna, nikakaa, nikampa mgongo. Zilikuwa lulu tupu, nyeupe, za kulingana. Akanivika, nikangoja avue. Havui. Nikapapasa kisogoni kutafuta kishikizo, nikakuta fundo tu. Nikamuuliza sasa huu utavuliwaje.

"Kishikizo ni cha mikufu ya kwenda kwa watu," akasema. "Huu hauendi popote."

Akarudi kukunja taulo lake. Anasema ile mingine yote, wako ukiwemo, ilikuwa ya mazoezi. Samahani, ni maneno yake. Barua naituma kwa sababu imeniuma kuitupa, nimeiandika vizuri mno; isome, ucheke, uichane. Mimi nimeshakubali: nitapika nao, nitaoga nao, na tukigombana, nitagombana nao shingoni.